Dagaa Aliowachambua Mama Riziki

Assalaam alaykum ndugu zangu, hamjambo na familia zenu? Mliopo Bangwe, tafadhali msinipite, someni mpaka mwisho.

Chakula cha kuku wangu nachanganya mwenyewe: pumba, mashudu ya mawese na vumbi la dagaa, yale mabaki wanayoyafagia ghalani kule Kibirizi.

Leo asubuhi kaja shoga yangu Mama Riziki, akaona vumbi lina dagaa wazima wazima.

Akacheka. "Dada, kuku wako wana harusi?"

Nikamwambia, "Chambua tu, mwenzangu, wao watakula hilo vumbi."

Akajaza mfuko. Akasema mchana anawakaanga, wajukuu wamekuja. Huyo, akapanda bodaboda kurudi kwake Bangwe.

Mimi nikachanganya, nikawamwagia kuku.

Adhuhuri haijaadhiniwa, tetea wangu mmoja kalala ubavu. Jogoo shingo imepinda, anazunguka kama mlevi. Kuku wengine wananiangalia tu, midomo wazi.

Nikalichekecha vumbi lililobaki.

Zikabaki punje za rangi ya waridi.

Sumu ya panya, jamani. Wameifagia pamoja na dagaa!

Nampigia Mama Riziki, simu inaita mpaka inakatika. Nimepiga tena na tena. Na sasa ndiyo saa yake ya kupika.

Mimi bado niko Ujiji, bodaboda ndiyo inafika. Aliye karibu na kwake, pale nyuma ya msikiti, akimbie. Asibishe hodi. Aingie amwage kikaango.

Utakayefika, nijibu upesi, hata neno moja.