Beki Aliyekuwa Edani

Somoe Mbwana alirudi kwa shangazi yake, Tandika, siku ya Jumatatu. Alikuwa na sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na viatu vya mpira vilivyoning'inia shingoni kwa nyuzi zake. Mumewe, Marijani, alikuwa amempa talaka moja Ijumaa iliyotangulia.

Nilikuwa mpangaji wa shangazi huyo, Bi Mwamvita, katika chumba cha mwisho upande wa uani, nikifundisha shule ya msingi ya jirani. Nilimsaidia kuingiza godoro. Nikampa pole.

"Ahsante, Mwalimu. Unga upo humu ndani? Kesho wateja wangu wa chapati hawajui kama nimeachwa."

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Tisa kati ya hiyo aliisimamia mashine ya kusokota nyuzi katika kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kilipoanza kutafutiwa mnunuzi na wafanyakazi wakapunguzwa. Timu ya mpira ya wanawake ilizaliwa pale kiwandani, mchezo wa saa za jioni. Kazi ilipokwisha timu ikabaki, ikahamia uwanja wa shule yetu, wenye mchanga mwingi na goli moja lisilo na mwamba wa juu. Alfajiri Somoe alikaanga chapati, jioni alicheza beki wa kati. Hakuwa na mbio. Alijua tu mpira utaangukia wapi, akatangulia kufika, akasimama hapo kama mwenyeji anayemngoja mgeni.

Marijani aliuza mitumba sokoni. Hakuwa mtu mbaya. Viatu vile alimchagulia mwenyewe, kutoka kwenye belo aliyoifungua kwa mikono yake. Kilichomshinda ni picha. Gazeti moja lilichapisha picha ya Somoe amevaa kaptula, mguu juu, na asubuhi yake Marijani akaikuta imebandikwa kwenye meza yake ya biashara. Wenzake wakamwuliza mapaja yale ni bei gani kwa jumla. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe achague, ndoa au mpira. Somoe akasema hawezi kuchagua mikono ikiwa na unga. Talaka ikamkuta bado anakanda.

Mimi ni mwanamke wa Kihaya, na kanisani kwetu mambo haya hayapo, kwa hiyo Bi Mwamvita ndiye aliyenifundisha maana ya eda.

"Talaka moja haijakata kamba, Mwalimu. Imeilegeza. Somoe anakaa eda, anahesabu siku zake za mwezi. Ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikiingia tu, kamba imekatika. Marijani akimtaka tena aje na posa kama kijana mpya, na Somoe akubali. Lakini kabla ya hiyo ya tatu, akisema mbele ya watu 'nimemrejea mke wangu,' basi, ni mkewe."

"Hata kama yeye hataki?"

"Hata kama hataki."

"Na nani anajua kama ya tatu imeingia?"

"Mwenyewe. Neno lake linasadikiwa. Utamchungulia?" Bi Mwamvita alicheka, kisha akaacha. "Ndiyo maana ni amana nzito."

Mtaani hawakumwacha. "Mwanamke yuko edani anafukuza mpira!" walisema akipita jioni na kanga juu ya kaptula. Hata shangazi yake hakupenda.

"Eda gani hiyo ya kuruka ruka?"

"Shangazi, asubuhi nauza chapati barabarani mbele ya madereva wa malori, hamsemi kitu. Jioni nikienda kwa wanawake wenzangu ndiyo nimetoka edani?"

Chapati ndizo zilizokuwa zikituwashia taa.

Ya kwanza ilikuja, na ya pili. Kisha kocha wao, Gozbert, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda, akaja mpaka uani jua likiwa kali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema itaundwa timu ya taifa ya wanawake. Wageni wa nchi ya jirani wanakuja na timu yao, na aibu imewaingia wakubwa kwamba hatuna ya kwetu. Mechi itakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Uwanja wa Taifa, kabla ya mechi ya wanaume.

Siku mbili baadaye majina yalisomwa redioni. Tulikuwa tukichambua mchele. La kumi na moja lilikuwa Somoe Mbwana, Temeke. Aliendelea kuchambua. Kisha nikaona mawe na mchele anavitupa pamoja.

"Marijani atakuwa amesikia," akasema.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Akirejewa kabla ya ile ya tatu, atakuwa chini ya ruhusa ya mume, na ruhusa hiyo wote tuliijua. Ikiingia kwanza, Marijani hana neno. Kwa hesabu ya Somoe ilikuwa ije siku kumi kabla ya mechi. Nafasi ilikuwa kubwa, alijiambia.

Haikuja. Gozbert aliwafanyisha mazoezi alfajiri na jioni, kwa sababu wiki tatu ni chache na kambi haikuwepo. Somoe alikaanga chapati saa tisa za usiku, akakimbia, akauza, akakimbia tena, akala kilichobaki. Siku ya tano ya kuchelewa alinijia chumbani.

"Mwalimu, nyie chuoni mlifundishwa mwili. Kwa nini haiji?"

Nilimwambia nilichokumbuka, kwamba mwanamke akifanya kazi ya kuvunja mwili na chakula kikawa haba, siku zake huweza kuchelewa, hata kupotea.

"Yaani ninavyojiandaa ndivyo ninavyojifunga mwenyewe."

"Pumzika siku tatu nne."

"Nikipumzika Gozbert anamweka yule binti wa Kinondoni. Ana miaka kumi na tisa, yule. Atapata mechi nyingine. Mie nitapata ipi?"

Hakupumzika. Alikunywa tangawizi na vitu vingine alivyopewa na wanawake wa sokoni, vikamchafua tumbo tu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi, baada ya alasiri, wazee wawili walibisha hodi. Aliyetangulia ni Mzee Mwinyimkuu, jirani wa Marijani na mtu anayeheshimika. Wakati huo Somoe alikuwa ametoka tu kuswali. Msala ulikuwa bado umetandikwa ukumbini, mahali ambapo kila aingiaye huuona, na mwanamke aliye katika siku zake haswali.

Bi Mwamvita alisema, "Karibuni, karibuni," na akiwa njiani kuelekea mlangoni aliinama, akaukunja ule msala, akaubana kwapani kama kanga ya kawaida. Hakumtazama mtu.

"Shikamooni, wazee," akasema Somoe.

"Marahaba, mwanetu." Mzee Mwinyimkuu alikaa, akakohoa. "Hatuna maneno marefu. Marijani ametuita leo adhuhuri. Amesema mbele yetu kwamba amekurejea. Sisi ni mashahidi. Lakini sheria ina mpaka wake, na mpaka huo unaujua wewe. Eda yako imekwisha au haijaisha?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni pangu na ndoo mkononi. Niliona vidole vya miguu vya Somoe vikiukamata udongo, kama afanyavyo uwanjani mpira wa juu unapokuja.

"Imekwisha."

"Lini, mwanangu? Nauliza tu, unisamehe."

"Juzi, Jumanne."

Yule mzee wa pili aliangalia chini. Mzee Mwinyimkuu akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Neno lako ndilo neno. Mungu ndiye shahidi wako. Basi tutamwambia amechelewa." Walikunywa maji wakaondoka.

Magharibi ilipoadhiniwa, Somoe aliingia chumbani kwangu bila kubisha na msala kifuani. Nyumba ilikuwa na wapangaji sita na masikio kumi na mawili. Mwanamke aliyesema yuko katika siku zake hawezi kuonekana akiswali. "Niazime hapa," alisema. Niliifunika picha ya Bikira Maria kwa kitenge, nikatoka, nikakaa mlangoni. Alikaa kule ndani muda mrefu kuliko swala yenyewe. Ikawa hivyo siku tano, swala baada ya swala, mimi mlangoni nikijifanya nasahihisha madaftari.

Jumamosi nilikwenda uwanjani. Walipewa jezi za vijana wa kiume, mikono ikifika viwikoni. Wimbo wa taifa ulipigwa kwa kaseti iliyokuwa ikivuta, sauti zikawa nzito kama za walevi, na jukwaani watu wakacheka. Somoe hakucheka. Alisimama amenyooka, macho mbele, na nilipomwona hivyo sikuweza kusema kwamba amekosea, wala sikuweza kusema kwamba amefanya sawa.

"Mama, chapati zinaungua!" mwanamume mmoja alipiga kelele mpira ulipomfikia. Jukwaa likavunjika kwa kicheko.

Kipindi cha kwanza alicheza vizuri, vizuri sana. Mara mbili alimpokonya mpira mshambuliaji wao mrefu bila kumgusa, na waliokuwa wakicheka wakanyamaza kidogo. Kipindi cha pili miguu ilimwishia. Wageni walikuwa wamekaa kambini mwezi mzima, wetu walikuwa wamekimbia na kuuza. Tukafungwa manne. Mlangoni kulikuwa na mtu mwenye gunia akikusanya jezi, na Somoe akarudi Tandika na blauzi yake ya siku zote, jasho la jezi bado shingoni.

Jumanne iliyofuata siku zake ziliingia. Hakuniambia. Niliona tu kwamba haji tena kuomba chumba.

Ile timu haikuitwa tena. Gozbert alifuatilia ofisini mara kadhaa, akaambiwa asubiri, kisha akapata kazi ya ulinzi Mabibo na mazoezi yakafa moja moja, kama taa za mtaa. Somoe aliendelea na chapati. Marijani alioa, akapata watoto wawili.

Mwaka wa pili alijitokeza Badru, fundi seremala, mgane, mtu wa maneno machache na mikono safi. Alileta posa kwa adabu. Bi Mwamvita alifurahi mpaka akapika pilau bila sababu. Somoe akakataa.

"Kwa nini?" nilimwuliza. Tulikuwa tukifua.

"Siwezi kuolewa, Mwalimu. Nina mume."

Nilidhani anatania.

"Marijani alinirejea ile Alhamisi. Ilikuwa haijaingia. Watu walipokea neno langu, lakini neno halibadilishi siku. Nilimwuliza shehe mmoja, nikajifanya nauliza la rafiki yangu. Akasema huyo rafiki yako bado ni mke wa mtu, hata kama mtaa mzima haujui." Alikamua shuka, akalikamua tena lililokwisha kauka. "Mie nilidhani nimesema uongo wa siku tano."

Badru alingoja miezi minne, kwa heshima, kisha akaoa huko Bunju. Bi Mwamvita hakumsema mpwa wake hata kwa neno moja. Siku moja tu, wakikaanga, nilimsikia: "Mie sikukuuliza, na wewe hukuniambia. Lakini msala niliukunja mie. Tuko wawili ndani ya jambo hili."

Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomtoa. Kujifunga mwenyewe aliweza kuvumilia. Kumfunga mwanamke mzee akashindwa. Akaniomba nimsindikize sokoni.

Marijani alikuwa amenenepa. Alikuwa akipanga makoti ambayo Dar es Salaam hakuna wa kuyavaa.

"Binti Mbwana! Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuomba talaka."

"Si nilikupa?"

"Ulinirejea."

"Ukasema eda imekwisha."

"Nilisema uongo. Ilikuwa bado."

Aliliweka koti chini. Alinitazama mimi, kana kwamba mwalimu angekuwa na maelezo mengine, kisha akamtazama tena. "Miaka mitatu nalala, naamka, najiona nina mke mmoja. Kumbe ninao wawili." Alianza kucheka, cheko likamwishia njiani. "Kwa ajili ya mpira."

"Kwa ajili ya mechi moja."

"Na mkafungwa."

"Manne."

Mteja aliuliza bei ya suruali, hakujibiwa.

"Na ungesema kweli siku ile," akauliza Marijani, "ungerudi kwangu?"

"Ningerudi. Ndiyo maana sikusema."

Nilitegemea atapaza sauti. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo, na meza zote zilikuwa zimeanza kutega masikio. Badala yake aliwaita wauza mitumba wawili wa jirani, wale wale labda waliowahi kuuliza bei ya mapaja, akawaambia wasimame washuhudie. "Somoe binti Mbwana, nimekuacha. Hii ya pili." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemaliza kuhesabu belo. "Na safari hii sitatuma wazee. Hesabu kwa raha zako."

Akakaa eda upya. Hakuna aliyemlazimisha aikae vile, lakini aliikaa ndani kabisa, chapati akazikaangia uani na kuzituma sokoni kwa mkono wa mpangaji mwenzetu. Hakuna aliyemngoja nje. Badru alikuwa na mkewe, uwanja wa shule ulikuwa umemegwa kwa ajili ya fremu za maduka. Mwili ambao haukukimbia haukuwa na sababu ya kuchelewa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja kwa siku yake.

Ile ya tatu ilipoingia alinikuta nasahihisha madaftari mlangoni.

"Imeingia, Mwalimu. Leo, kabla ya adhuhuri. Kweli."

"Najua ni kweli."

"Hujui. Mie ndiye ninayejua." Alikaa karibu nami kizingitini, akanyoosha miguu yake mizito yenye makovu ya uwanjani. Adhuhuri ikaadhiniwa. Wanawake wa nyumba wakaanza kuchota maji ya udhu, na Somoe akabaki pale pale amekaa, mbele ya macho ya kila mtu, hana swala ya kuificha wala ya kuiswali.