Aliyekaa Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, upepo wa Ufipa unavuma ule wa kuingia hadi kwenye mifupa, na mimi nimesimama katikati ya nyumba yangu na mwiko mkononi. Mgongoni nina kichanga. Chungu kinachemka mekoni. Nguo za mtoto zimelala ndani ya beseni tangu jana yake. Sikujua mwiko ule niliushika kwa kazi gani. Ungeniuliza jina langu, ningefikiri kwanza.

Wewe unayesoma haya, mmoja kakulalia begani na mwingine anakuvuta sketi, soma polepole. Akilia, niweke chini. Mimi ni mzee sasa, sina haraka, nitakungoja.

Mimi nilizaliwa Mbeya. Baba alikuwa karani wa serikali, akahamishiwa Sumbawanga, tukakaa mtaa wa Mazwi, na huko ndiko nilikompata Kaspari, fundi seremala, Mfipa wa maneno machache na mikono mizuri. Tulioana wakati wa vijiji vya ujamaa. Tukapewa kiwanja katika kijiji kipya nje ya mji, nyumba zimepangwa mstari, na nyuma yake shamba la kijiji la ulezi ambalo kila mtu mzima alikuwa na zamu yake. Hatujakaa sana, Kaspari akachaguliwa balozi wa nyumba kumi. Wenzangu walinipongeza. Mimi cheo kile kilinichosha mapema, maana mume wangu akawa mume wa mikutano, na ukoo wangu wote uko mbali, baba naye akiwa amekwisha kuhamishwa tena.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Desideri, tukamwita Desi. Hakuwa hata ametambaa sawasawa nilipojigundua nina mimba nyingine. Nikamwachisha ziwa siku ile ile, kwa pilipili, kama nilivyofundishwa, kwani kila mtu aliniambia maziwa ya mjamzito yanamdhuru mtoto. Alilia mpaka sauti ikakauka. Baadaye akaanza kutembea, akawa anakimbia kimbia uani, nikasema yamepita. Ndipo akazaliwa Yustina, na mgongo wangu nao ukapata mwenyewe mpya.

Desi alijaribu kuupanda mgongo ule siku za kwanza. Nikawa namshusha. "Wewe mkubwa sasa," namwambia. Mkubwa! Mtoto ambaye hata neno "maji" alikuwa analisema nusu. Basi akaenda kukaa mlangoni, juu ya gunia tulilotandika la kufutia miguu, akaacha kutembea. Akaacha na kulia. Nami kwa uchovu wangu nikamshukuru Mungu kwamba angalau huyu mmoja hasumbui.

Ugali akawa anaushika tu mkononi mpaka unapoa. Nywele zikawa nyekundu nyekundu, nyayo zikajaa, mashavu yakavimba, na mtu asiyejua angesema kanenepa. Lakini wanawake wa mtaa wetu walijua, na wakalipa jambo hilo jina: "Huyu kabemendwa." Maana yake ni kwamba sisi wazazi hatukuwa na subira, tukalala pamoja mtoto akiwa bado ananyonya, na sasa yeye ndiye anayelipa. Hakuna aliyeniambia usoni. Nilisikia kisimani, wakiwa wamenipa mgongo.

Aibu hiyo, mwanangu, ilitufunga miguu. Zahanati ilikuwa mwendo wa asubuhi tu, lakini nilijiona nimesimama kwenye foleni na watoto wale wawili, kila mtu anahesabu miezi kwa vidole. Sikwenda. Kaspari naye, balozi mzima, hakutaka kuonekana huko.

Ukatolewa ushauri ambao nadhani hata kwenu upo: mpelekeni kwa bibi yake. Mama mkwe wangu alikuwa anaishi Mtowisa, kule chini bondeni, kwa mwanawe mwingine aliyelima mpunga. Kaspari akatuma salamu kwa watu wa lori kwamba mama aje amchukue Desi, akae naye mpaka akue. Mimi nilikubali, tena upesi. Nilifua mashati yake mawili, nikayafunga kwenye kitenge, na nilipokuwa nalifunga lile furushi la nguo nilikuwa nawaza usingizi. Sikuwaza kitu kingine.

Basi turudi kwenye asubuhi ile ya mwiko. Wanawake wanne watano walikuwa wamekuja kumwona mtoto. Mmoja kaleta unga wa ulezi, mwingine kuni, wote wema, siwasemi vibaya. Walikuwa wamemshusha Yustina mgongoni kwangu, wamekaa wanapokezana, wanamsifu pua, na mimi nawachemshia uji. Mlangoni kukaingia kivuli. Alikuwa mama mkwe, vumbi hadi kwenye nyusi, maana lori lilikwama kwenye mlima na akamalizia kwa miguu, na kichwani ana furushi la mchele na samaki wakavu wa ziwani.

"Shikamoo mama," nikasema.

Alitua furushi, akakaa chini pale pale kizingitini, kwenye gunia, karibu na Desi. Hakumshika. Alikaa tu, akanyoosha miguu yake kando ya miguu ya mtoto, akaitazama ile iliyojaa.

"Bibi, pita ndani," mmoja wa wageni akamwita. "Mjukuu wako huyu hapa, njoo umpokee."

"Huyo namsikia, ana sauti nzuri," akasema. "Mimi nimekuja kumwona huyu."

Kisha akawauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Nyinyi mmeingiaje humu ndani?"

Wakatazamana. "Kwa mlango, bibi."

"Kwa mlango. Na mlangoni yupo mtu. Mmemruka."

Mwanangu, ilikuwa kweli. Wote walikuwa wameinua miguu wakampita juu kama gogo. Na mimi niliyetoka na kuingia tangu alfajiri, na maji, na kuni, na majivu, nilikuwa nimemruka mara ngapi? Sikuwa na nguvu hata ya kulia.

Kaspari akatokea kutoka uani, akamsalimu mama yake, akaonyesha lile furushi la nguo. "Vitu vyake viko tayari, mama."

"Simchukui," akasema.

Nitakwambia ukweli, nilimchukia. Nilimwona mzee mwenye roho ngumu aliyepanda mlima mzima kuja kuninyima usingizi. Nikamjibu kwa namna ambayo mkwe hamjibu mkwe wake: "Basi mama, mimi nife?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kanyang'anywa ziwa, kanyang'anywa mgongo," akasema. "Nikimchukua leo, kanyang'anywa na nyumba. Kule kwangu nitamlisha, lakini atajua ameondoka ili mdogo wake akae. Simchukui, mama Desi. Nakaa mimi." Akawageukia wageni. "Huyo mchanga bado hajui mgongo wa nani. Mradi kuna joto, analala. Mfunge wewe, ukichoka mpe mwenzako, akilia njaa mleteni. Na huyu nifungieni mgongoni kwa mama yake."

"Mzito huyu, mama," nikasema. "Nitafanyaje kazi?"

"Nani kakuambia ufanye kazi? Panda kitandani naye. Lalieni ubavu, yeye nyuma yako."

Kaspari akakohoa. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kukata ulezi shambani kwa kijiji, na aliogopa kusemwa kwamba mke wa balozi anapendelewa. Alilisema hilo kwa heshima zote. Mama yake hakubishana. Aliuliza kisu changu kiko wapi, akakichukua na kapu langu, akatoka nje kwa miguu ile ile iliyotoka mlimani. Niliambiwa baadaye kwamba Kaspari alimkimbilia njiani mbele ya watu, akakichukua kisu, akakata ulezi katikati ya wanawake siku nzima, nao wakamcheka mpaka jioni. Alivumilia. Tangu siku hiyo, kila aliposimama mkutanoni kusema habari za wazazi wa watoto wachanga, watu walimsikiliza.

Mimi nililala. Desi alikuwa mgongoni kwangu, mgumu kama ubao, hakunishika. Kesho yake mama mkwe alimbeba mwenyewe hadi zahanati, akapita kwenye foleni na nywele zake nyeupe, na waliotaka kuhesabu miezi wakahesabu. Muuguzi hakutukana mtu. Alisema mtoto amekosa chakula cha kujenga mwili, hakuna cha kubemendwa, akatupatia maziwa na kutufundisha kusaga karanga na maharage na samaki na kumtilia kwenye uji. Nyumbani mama mkwe alimlisha kwa kidole, akimngoja, na mimi nikawa nambeba. Siku baada ya siku nilimbeba ubao.

Halafu asubuhi moja nikamshusha ili nimnyonyeshe Yustina, na Desi akapiga kelele. Alilia, akajitupa chini, akanipiga mguu wangu kwa ngumi zake. Niliogopa, nikadhani ugonjwa umepanda kichwani. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele uani. Akaacha ungo, akapiga makofi, na machozi yanamtoka.

"Anadai!" akasema. "Mwache alie. Amerudi, anadai chake."

Desi leo ana mvi, mwanangu, na analia kwa sauti ile ile mtu akimcheleweshea chakula. Bibi yake alikaa nasi mpaka ulezi ukaisha kuvunwa na mwingine ukapandwa. Nilimwomba msamaha kwa lile jibu langu. Akasema hakulisikia. Alilisikia.

Kwa hiyo nakuomba haya. Wakija kukusaidia, wape yule mchanga, wewe mshike mkubwa, maana yeye ndiye anayejua tofauti. Mtoto aliyenyamaza ghafla usimshukuru, mtazame. Aibu ya watu isikuzuie kwenda kwa muuguzi, kwani hao wanaohesabu miezi hawatakuja kukuzikia mtoto kwa niaba yako. Usipoweza, sema huwezi, hata kama unamwambia mama mkwe. Na wewe unayekwenda kumwona mtoto wa mwenzio na zawadi yako ya unga, tazama chini kabla hujainua mguu.

Mungu akupe usingizi, mwanangu, ujapokuwa kidogo. Awape wanao sauti ya kudai, nawe masikio ya kuwasikia. Na akuletee mtu ambaye, akifika kwako, ataanza kwa kukaa mlangoni.