Nilishuhudia Kwamba Bega Langu Limepona

Mimi ni mwongo. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla ya wakati. Jina langu sitalitaja, maana hapa Bunia ukiulizia mchezaji wa tenisi aliyeingia kwenye klasema, ile orodha ya dunia inayopanga wachezaji kwa pointi, hata muuza makaa atakuonyesha nyumbani kwetu. Watu wananiheshimu! Hicho ndicho kinachoniua.

Tenisi nilijifunzia hapa hapa, kwenye kiwanja cha udongo ambacho mvua ikinyesha tunakikausha kwa magunia. Kwa mchezaji wa kwetu, kupanda klasema maana yake ni kwenda kutafuta pointi nje: Kampala, Kigali, Nairobi. Ukishinda mechi unaokota pointi moja au mbili. Usipocheza, zile za zamani zinafutika na jina lako linashuka. Hakuna kupumzika.

Bega la kulia lilianza kuniuma Kampala. Kila nikipiga servisi, ni kama mtu ananichoma sindano ndani ya mfupa. Dokta wa kule akaniambia nipumzishe mkono miezi kadhaa, la sivyo mishipa ya bega itachanika. Nikajitoa mashindanoni, nikarudi nyumbani.

Kanisa letu likafunga na kuomba kwa ajili yangu. Waliniombea kwa moyo wote, hilo nataka lieleweke. Jumapili Pasteri akaniita mbele, akaniwekea mkono begani, nikasikia joto, na kweli maumivu yakapungua. Labda ni Mungu. Labda ni vidonge vya maumivu nilivyomeza asubuhi, sijui!

"Inua mukono, watu baone!" Pasteri akasema.

Nikainua. Aisee, lilichoma! Lakini watu walikuwa wamekwisha kusimama, mama yangu yuko chini analia, mpiga kinanda ameanza. Nikapewa mikrofoni.

Ningesema "limepungua." Hiyo ingekuwa kweli, na watu wangeshangilia vile vile. Mimi nikasema limepona kabisa, siumwi hata kidogo. Nikaongeza kwamba dokta alitaka kunipasua. Kupasuliwa nani alisema? Hakuna! Nilitunga pale pale, kwa utamu wa makofi.

Tangu siku hiyo nikafungwa. Nani angenitibu hapa mjini? Muuguzi wa hospitali ya karibu na kwetu anaimba kwenye korali yetu. Duka la dawa ni la shemasi. Nilikuwa nachua bega nimejifungia, halafu navaa sweta kwenye joto lote ili harufu ya dawa isitoke. Mswaki nilishika kwa mkono wa kushoto. Vijana wakihamisha spika za kanisa, wananiita mimi nishike upande mzito, kwa heshima kabisa! Nashika, natabasamu, machozi yananilenga.

Kocha wangu peke yake ndiye alijua.

"Kaa chini, bega ipone," akaniambia. "Utarudi."

"Na watu nitawaambia nini?"

"Si utawaambia inauma?"

Nikamwona mjinga. Yaani mimi, niliyeshangiliwa na kanisa zima, nisimame tena niseme inauma?

Nikaendelea kucheza kwa sindano za kutuliza maumivu. Na balaa ni kwamba nilishinda! Kigali nilishinda mechi mbili, Kampala nikafika robo fainali. Jina langu likaingia klasema ya dunia, chini kabisa kule, lakini ndani. Kila nikipanda, inatangazwa kanisani. Wamama wakaanza kuniletea watoto wenye homa niwaguse. Kila pointi niliyookota iliufanya ule uongo uwe mgumu zaidi kuurudisha.

Sasa nikueleze kuhusu mama mukubwa. Ni dada ya mama yangu. Ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo, mama akihangaika na biashara ya sokoni. Vita ilipofika shambani kwake, alikimbia kutoka Bule akaja kukaa kwetu na godoro na sufuria. Ana ugonjwa wa sukari, vidonge ni asubuhi na jioni, siku zote za maisha yake. Siku ya ushuhuda wangu alikuwa amekaa benchi ya mbele.

Siku niliyokuwa najiandaa kwenda Nairobi nilimkuta anachambua maharagi uani, kandambili amevua. Kidole gumba cha mguu kilikuwa na kidonda. Nikamuuliza kama amekunywa dawa.

"Dawa niliacha," akasema, hata macho hakuinua.

"Uliacha tangu lini, mama mukubwa?"

"Tangu Mungu alikuponyesha weye. Miye niko mutu gani, nione ile na macho yangu, halafu niendelee na vidonge kama mupagani?"

"Hapana, mama mukubwa, dawa usiache. Mungu anatumia dawa pia."

Akacheka. "Na weye, bega yako ilipona na dawa gani?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pangu pa kusema. Bado linauma! Maneno mawili tu. Mama alikuwa jikoni anaimba huku ananikaangia ndizi za safari. Nikawaza Jumapili, nikawaza watu watakavyomwangalia mama yangu, nikawaza Pasteri.

"Nitakuombea," nikasema.

"Ndiyo vile, mutoto yangu," akasema, akanishika shavu kwa mkono wenye vumbi la maharagi. Nikachukua mifuko yangu nikaondoka.

Nairobi nilicheza kuliko siku zote. Robo fainali nilimpiga mtu aliyekuwa mbele yangu mbali sana kwenye klasema. Jasho lilikuwa bado linanitoka mama akapiga simu. Mguu wa mama mukubwa umevimba, unanuka, na hospitali hataki kwenda.

"Anasema anangojea weye umalize mashindano, ndiyo Mungu atamuinua," mama akasema. "Siye bote tunamubembeleza, anakataa. Ni weye tu anasikia. Umutumie sauti, mutoto yangu, nakuomba."

Nikarekodi: "Mama mukubwa, nilidanganya. Bega halikupona. Nenda hospitali leo." Nikaisikiliza. Nikaona ndiyo hiyo, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Nikaifuta!

Nikajisemea kesho ni nusu fainali, acha nishinde kwanza, nitarudi na nguvu za kusema. Nikamtumia nyingine: "Nenda hospitali, mama mukubwa, niko nakuombea." Hakwenda. Angeendaje, na mimi nilikuwa nashinda?

Hiyo nusu fainali haikufika hata seti ya pili. Nilipiga servisi moja, nikasikia kitu kimekatika begani, raketi ikaanguka yenyewe. Dokta wa mashindano akanishika kidogo tu, akatikisa kichwa. Akasema mishipa imechanika, na hata nikipasuliwa, tenisi ya kutafuta pointi nisiitegemee tena.

Ungedhani hapo ningesema ukweli. Wapi! Niliwaambia nyumbani kwamba nimeteguka kifundo cha mguu. Nikanunua bandeji, nikaifunga kwenye mguu usio na shida yoyote, nikashuka Bunia nachechemea.

Mama mukubwa nilimkuta hospitalini. Walimpeleka akiwa amezimia, na mguu wakaukata chini ya goti. Niliingia chumbani na bandeji yangu, nachechemea mbele ya wauguzi. Akaniona. Akajaribu kuketi.

"Pole na mguu, mutoto yangu," akasema. "Banasema iliteguka. Iko inauma sana?"

Ee Mungu wangu! Nikashika ukingo wa kitanda. Akafikiri ni maumivu, akamwambia mama anipe kiti.

Halafu akaniomba msamaha. Mimi! Alisema imani yake ilikuwa kidogo, haikuwa kama yangu, ndiyo maana Mungu hakumjibu. Akaniomba nimwekee ule mkono uliopona juu ya goti nimwombee. Kuuinua nilishindwa, nikausukuma kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyeona. Nikaomba. Kwa sauti kubwa! Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitika amina.

Jina langu linashuka kwenye klasema na karibu litatoka kabisa. Hilo silililii tena. Ninayemlilia ni mama mukubwa, ambaye anaamini amekatwa mguu kwa sababu ana kasoro mbele za Mungu. Dawa sasa anakunywa, lakini kila kidonge anakimeza huku anaomba asamehewe.

Wewe utakayeitwa mbele kushuhudia, nakusihi, sema kilichotokea ukome hapo. Kama limepungua, sema limepungua. Mungu hahitaji tumsaidie kwa uongo! Na kama ulikwisha kuongeza chumvi, nenda leo ukairudishe, usingoje ushinde kwanza. Nyumbani kwako kuna mtu alikuamini kuliko unavyojiamini mwenyewe, na pengine ameshaacha dawa zake.

Nakuonya, lakini mimi mwenyewe bado sijafanya. Mama mukubwa amerudi nyumbani, anajifunza kutembea na magongo. Asubuhi akiniona ananiuliza mguu wangu unaendeleaje. Namwambia unapona polepole. Halafu napita mbele yake, nachechemea.