Filimbi ya Kioo, Barabara ya Namtumbo

Mafundi watatu walinipotezea muda, na hasira yangu kwao haijaisha. Gari langu lilikuwa linapiga filimbi kwenye kioo cha mbele kila nikifika themanini. Nikifika mia, inakuwa kelele ya upepo inayomeza kila neno ndani. Wao wakalijaribu mtaani Mjimwema, kati ya bodaboda na matuta, mwendo wa arobaini.

"Dada, mbona halilii?"

Litalia vipi, na hujalikimbiza!

Wa kwanza akabadilisha beringi ya tairi. Wa pili akapaka gundi ya kioo upande wa dereva tu, kwa kuwa eti mimi dereva ndiye ninayelalamika. Wa tatu akanishauri nifungulie redio. Nilimtukana, na sijamwomba radhi.

Sikutaka redio, nilitaka kumsikia baba. Alikuwa na uvimbe kooni, sauti yake inapungua mwezi hadi mwezi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata kijijini Lusewa kila mara kumleta kliniki mjini. Kwake wageni hawaishi. Kwangu Mshangano watoto hawampi nafasi ya kupumua. Garini tulikuwa wawili tu. Kwenye barabara ya vumbi kila chuma kinagonga, kwa hiyo tulisubiri lami ya Namtumbo ndipo tuongee, na tukiikanyaga lami, filimbi inaanza. Naona midomo yake inacheza. Naitikia, "Eeh, baba," wala sijui nimekubali nini.

Ningeweza kupunguza mwendo. Najua. Nilikuwa nawahi foleni ya kliniki, mjinga mimi.

Alipolazwa, daktari alituambia wazi kwamba baada ya upasuaji sauti haitarudi. Asubuhi ya pili yake, kwa hasira tupu, nikanunua selotepu pana, nikabandika ukingo wote wa kioo, nikatoka peke yangu kuelekea Namtumbo. Mia. Kimya. Nikasimama, nikabandua ya chini, nikakimbiza tena. Kimya. Nikabandua upande wa dereva. Kimya. Nikabandua pembe ya juu, upande wa abiria, na filimbi ikarudi pale pale. Kazi ya saa moja! Mafundi watatu walikosa saa moja.

Nikainua mpira wa pembe ile kwa kucha. Ulikuwa umenyanyuka kidogo tu, unene wa punje ya mchele. Chini yake kulikuwa na msalaba wa jani la mtende, wa Jumapili ya Matawi, umekauka, umesukumizwa wote ndani usipeperuke. Kwetu jani lililobarikiwa hupachikwa juu ya mlango ili nyumba ilindwe. Baba alikuwa amepachika la kwake kwenye gari langu.

Siku ya kumtoa hospitali, gari lilikuwa limetulia kabisa. Nikasimama kando ya lami, nikamwonyesha ule msalaba, nikampandishia sauti mgonjwa, Mungu anisamehe.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Akachukua daftari alilopewa na nesi, akaandika polepole, kwa herufi kubwa.

"Nilikuambia, mwanangu. Filimbi ikianza nilikuuliza, kila safari: niutoe, au niuache ukulinde? Ukasema eeh. Nikauacha."