Daraja Lililopita Chumbani Kwetu

Nilipopewa kazi ya kuchora daraja la waenda kwa miguu la kuvuka mto pale mtaani Mashimoni, sikumwambia bosi wangu kwamba nilizaliwa kando ya mto ule ule. Niliogopa angempa mtu mwingine.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na ngazi pande zote mbili. Niliutazama nikiwa kwangu mtaani Kawangware. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Mama alizoea kuvuka mto huo akisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Ngazi angezipandaje? Nikafuta, nikaweka njia ya mteremko. Sasa ikawa inatua juu ya nyumba ya mabati ya landlady wetu wa zamani, mama wa Kinubi ambaye watoto wote tulimwita Habuba, yaani nyanya kwa lugha yao. Ingepita kwenye chumba cha mwisho. Kilikuwa chetu.

Nikaizungusha kushoto, ikagonga choo cha mtaa mzima. Kulia, nguzo ya stima. Chakula kilinishinda. Mwishowe nikakunja mchoro, nikaenda kwa Habuba.

Aliutazama mpaka chai ikapoa.

"Hapa si ndipo mlipolala nyinyi?"

"Ndiyo, Habuba."

"Na unataka kupavunja."

"Nimejaribu kila upande. Sijapata pengine."

"Aliyemo ana mtoto mchanga. Mtafutie chumba kwanza. Ukipata, njoo uvunje."

Nikazunguka kama aliyepoteza kitu: Ayany, Mashimoni yenyewe, huku kwetu Kawangware. Vyumba vingine vilivuja, vingine wenyewe hawakutaka mtoto. Nilipompata mwenye chumba kikavu karibu na kioski cha maji, mimi mwenyewe nilimsaidia yule mama wa mtoto mchanga kubeba godoro.

Siku daraja lilipofunguliwa, sikuweza kusimama mahali pamoja. Kila mkokoteni ulipopita niliinama kusikiliza vyuma. Habuba akanishika mkono, tukapanda pamoja. Katikati akasimama.

"Linatikisika."

"Kidogo tu. Limeundwa hivyo."

"Una hakika?"

"Nina hakika," nikasema, macho yakiwa kwenye nati.

Akaniachilia mkono, akatangulia.

Siku hizi watu hupita kando ya dirisha lake mchana kutwa, wakimsalimia. Yeye hulalamika kwamba hapati usingizi wa adhuhuri, lakini hafungi pazia. Mimi nikipita, hupita chini ya daraja kwanza, nikague nati zake.