Nyumba Iliyotazama Kibla

Sisi tuliokulia Wattaya, hapa Muscat, kabla maduka ya magari hayajaizunguka mitaa yetu tuliujua wakati kwa joto la baraza. Tukirudi skuli mchana, baraza ya nyumba ya Babu Seif, baba yake baba yangu, ilikuwa haikaliki. Mchezo wetu ulikuwa kuketi juu yake na kuhesabu mpaka kumi. Binamu yangu Khamis siku moja alifika tisa, na chakula cha usiku alikila amesimama. Mdako tuliuchezea ndani, ukumbini. Barazani tulitoka baada ya Maghrib, mama akishaleta vitumbua, na hata saa hiyo jiwe lilikuwa bado vuguvugu.

Baraza hiyo ilikuwa na historia yake, na tulisimuliwa tukitaka tusitake. Babu alizaliwa shamba, Unguja, katika nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa na babu yake: kuta za mawe na chokaa, nene kiasi cha mtoto kulala dirishani, dari ya boriti za mikoko, mlango wa nakshi, na baraza mbili za mawe, kushoto na kulia kwa mlango. Alipohamia Muscat na kupata kiwanja, alisema atajenga ileile. Hakuwa na ramani wala picha. Alimsimamia mwashi wa Kihindi kila siku, akimwelekeza kwa bakora.

Mwashi alikuwa na saruji na nondo, na angeweza kujenga vyumba vipana kadiri anavyotaka. Babu alikataa. Nyumba ya shamba ilikuwa na vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti zake. Basi na sisi tukajengewa vyumba vyembamba chini ya dari ya zege, kwa heshima ya miti ambayo haikuwapo. Kitanda kikiingia, kabati linabaki nje. Mama yangu alikuwa mkwe, hakuulizwa rai yake, lakini nakumbuka akisema, "Humu hata ugomvi hauna pa kupita."

Amri kubwa ya Babu ilikuwa moja: "Nyumba yetu ilitazama kibla, na hii itazame kibla."

Unguja, watu wa zamani wakisema kibla wanakusudia kaskazini, maana ukiwa kule Makka iko upande huo. Nyumba ya shamba ilipokea upepo wa kaskazi, na alasiri baraza zake zilikuwa kivulini. Ukiwa Muscat, Makka iko magharibi. Mwashi akaielekeza nyumba magharibi kama alivyoambiwa, na jua la alasiri likawa linaingia mpaka ukumbini bila hodi. Babu hakukiri kitu. Aliketi pale nje baada ya Maghrib na kikombe chake cha kahawa, na kila mwaka alisema upepo wa mwaka huu umechelewa.

Babu alikwishafariki, na wazee wengi wamemfuata. Nyumba imepasuka, zege linamomonyoka, na anayeishi mle ni shangazi yangu Bi Zuhura, binti yake Babu, aliyezaliwa nyumba ya shamba na kuja huku akiwa msichana. Ndugu zangu waliamua ivunjwe, ijengwe mpya. Shangazi alikataa.

"Nikitoka humu nnakwenda kaburini," alisema, na hakuwa akitania.

Mimi nilikuwa upande wake, ingawa naishi mtaa mwingine, Madinat Sultan Qaboos, katika nyumba ya vyumba vipana, na sijapata kujitolea kurudi.

Mwezi uliopita kaka yangu alimleta binti yake, Rukia, ambaye ni msanifu wa majengo. Vijana wa sasa ukiwauliza kusini kuko wapi wanatoa simu, lakini huyu alikuja na mchoro na mshale wa dira juu yake.

"Bibi, Babu Seif alikosea," alimwambia shangazi. "Mimi nimeigeuza. Baraza zitatazama huku, jua la alasiri halitazifikia."

"Huku wapi?"

"Kaskazini, Bibi."

Shangazi alivaa miwani, akaufuata mshale kwa kidole.

"Kule kwetu shamba, kaskazini ndiyo kibla, mwanangu," alisema. "Basi hii ndiyo nyumba yetu. Ile ya baba haikuwa."

Aliuliza tu kwa nini vyumba ni vipana namna ile. Kisha akasema khalas, wavunje.

Nilitakiwa kufurahi kwamba shangazi ameridhika, na badala yake niliona uchungu. Watoto watakaokulia pale watakuwa na baraza yenye kivuli, watashinda juu yake na simu zao, na hakuna atakayehitaji kuhesabu mpaka kumi. Nyumba yao itakuwa sahihi kuliko yetu, na itafanana zaidi na ile ya shamba, ambayo mimi sijapata kuiona. Kwetu mimi ni hii iliyokosewa.

Juzi nilikwenda kuiaga, saa tisa alasiri. Nilitazama huku na huku kuhakikisha hakuna mtu, nikakusanya baibui langu, mwanamke mzima niliyevuka hamsini, nikaketi barazani. Nilifika saba.