Kahawa ya Jumamosi kwa Mama Sylvie

Placide alikuwa karani katika ghala la vipuri vya malori, mtu mpole wa miaka arobaini na mitano, mwenye maneno machache na mwandiko mzuri. Kazi hiyo ndiyo iliyomrudisha Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, baada ya miaka mingi ya kuishi Kasai, akaja na mkewe Jaël na watoto wao wawili. Kwa miaka miwili ya kwanza aliujua mji wote upya isipokuwa barabara moja. Kila alipotumwa upande ule alizunguka, hata jua likiwa kali. Alizaliwa kwenye barabara ile.

Baba yake alikuwa fundi umeme kiwandani. Placide alipokuwa na miaka kumi na miwili, watu wa asili ya Kasai kama wao walifukuzwa Katanga, na familia yake ikatoka nyumbani asubuhi moja na magodoro mawili, sufuria na redio. Walikaa miezi kwenye uwanja wa stesheni, chini ya turubai, wakisubiri treni. Baba hakufika mwisho wa safari, walimzika njiani. Mambo haya Placide alimweleza Jaël mara moja tu, kabla ya kuoana, na Jaël hakumuuliza tena.

Kilichompeleka barabara ile ni mvua. Ilimshika akitoka sokoni, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, akakimbia bila kuchagua njia mpaka akajikuta kwenye baraza la nyumba ya matofali yenye kibao cha kijani: Kahawa, Chai, Keki. Harufu ya kahawa ya tangawizi ilitoka mlangoni. Alipofuta maji usoni ndipo alipoitambua nyumba.

Mwenye nyumba, Mama Sylvie, alikuwa mwanamke mnene wa Kapolowe aliyejifunza kuoka kwenye duka moja la mikate Lubumbashi. Alimwita aingie ndani asilowe zaidi. Sebule ilikuwa na meza nne zenye vitambaa vya maua, na ukuta uliokuwa ukiitenga na chumba cha watoto ulikuwa umebomolewa. Placide akakaa kwenye kona ambayo zamani ilikuwa na kitanda chake na cha kaka yake. Akaletewa kahawa ya maziwa na keki ya ndizi ikiwa bado ya moto. Kahawa aliinywa upesi. Keki aliikata vipande vidogo vidogo, akawa anakula kimoja kimoja mpaka mvua ikaisha.

Jumamosi iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Jaël alijua anakwenda kunywa kahawa, ila hakuambiwa ni wapi. Mama Sylvie alimzoea haraka, kwa sababu hakuwa mtu wa fujo na alikirudisha kikombe jikoni mwenyewe. Akawa anamwekea meza ya kona, na vitumbua vya kwanza kutoka kwenye mafuta vilikuwa vyake. Walizungumza habari za bei ya unga, za umeme, za barabara ya Kambove ilivyoharibika. Placide alicheka mara nyingine, jambo ambalo wenzake wa ghalani hawakulizoea.

Halafu mchana mmoja mawingu yalitanda meusi na umeme ukakatika. Mama Sylvie alikuwa akitafuta mshumaa Placide aliposimama kwenda uani. Mwisho wa korido kuna kidato ambapo kila mgeni hujikwaa, hata mchana. Mama Sylvie akafungua mdomo kumwonya, lakini Placide alikuwa ameshashuka gizani bila kupapasa, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye komeo, ambalo limewekwa juu kuliko makomeo ya milango mingine.

Wiki nzima Mama Sylvie hakuwa na raha. Nyumba aliinunua miaka kumi na moja iliyopita, kwa mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine, na alisikia kwamba wa kwanza kabisa walikuwa Wakasai. Alitoa makaratasi yake sandukuni, akayasoma, akayarudisha. Alifikiri mambo mengi: mahakama, watoto wake wawili, tanuri aliloliwekea miaka ya jasho. Na pia alimfikiria yule mtu jinsi anavyokula keki.

Jumamosi alimpelekea kahawa, akavuta kiti akakaa mbele yake.

“Papa Placide, samahani,” alisema. “Weye unajua hii nyumba kupita minye.”

Placide alisukuma kikombe pembeni. “Minye nilizaliwa humu, Mama.”

Mama Sylvie akaanza kusema habari za makaratasi, kwamba yako yote, kwamba alinunua kwa haki. Placide akamsimamisha kwa mkono.

“Acha makaratasi. Sikukuja kutafuta nyumba. Ningekuambia siku ya kwanza, lakini niliogopa utanifukuza.”

Alipolisikia neno hilo Mama Sylvie aliinuka, akaenda jikoni, akajifuta macho kwa aproni. Aliporudi alikuwa na kikombe chake mwenyewe, na siku hiyo walikunywa pamoja. Jioni Placide alimweleza Jaël kila kitu.

Miezi mitatu baadaye mama yake Placide, Mama Orpha, alikuja kutoka Mbuji-Mayi ili atibiwe macho. Placide hakujua kama ni vema kumwambia habari za nyumba. Mwishowe alimwambia, na baada ya siku mbili mama akataka apelekwe.

Walipofika, Mama Orpha alisimama kwenye geti, akishika chuma, na hakuingia. Placide alimsihi kwa Kiluba cha Kasai, kisha akaacha kumsihi. Wateja walikuwa wakitazama. Mama Sylvie akatoka, akamshika mkono yule mzee, akasimama naye pale pale kwenye jua, bila kumvuta. Baada ya muda Mama Orpha akamwuliza jina lake na kwao. Aliuliza kwa Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo Placide hakumsikia akiisema kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilitoka bila kukwama.

Ndani hakutaka meza. Alipita jikoni, akagusa tanuri, akaenda mpaka chumba cha nyuma, ambacho sasa kilikuwa stoo ya unga. Pale akakaa juu ya gunia.

“Ni humu,” alimwambia Placide. “Ulizaliwa humu. Baba yako alikuwa kazini, jirani ndiye alinizalisha.” Kisha akamgeukia Mama Sylvie. “Weye uko na watoto wangapi?”

“Wawili, Mama. Wa mwisho alizaliwa hapa hapa, hatukuwahi kufika hospitali.”

“Anaitwa nani?”

“Carine.”

Mama Orpha alilirudia jina hilo polepole, akauliza kama mtoto anakula vizuri. Aliposikia kwamba anakula vizuri aliitikia kwa kichwa, akakubali chai. Alikula keki mbili pale stoo, akasema sukari imezidi, na Mama Sylvie akakiri kwamba kweli imezidi.

Macho yalipopona kidogo, Placide alimwomba mama abaki Likasi. Alikataa. Makaburi ya watu wake yako kule, alisema, na kanisa lake. Ila siku moja kabla ya kuondoka alitoka peke yake, akapanda pikipiki ya abiria kwa umri wake ule, akashinda kwa Mama Sylvie asubuhi yote. Walichozungumza Placide hakuambiwa na yeyote kati yao.

Sasa Jumamosi anakwenda na Jaël na watoto. Watoto humaliza keki upesi, kisha hutoka uani kucheza na Carine, na wakipiga kelele sana Mama Sylvie huwagombeza wote watatu kwa jina.